Siku Nilijiandika Mwandishi

Siku ya posho, Jumamosi tarehe 5 mwezi wa kumi

Kitu hiki sijaambia mutu, hata dada yangu Alliance tunayelala naye kitanda kimoja. Leo nilidanganya kwa kalamu.

Nilienda kule institut supérieur, chuo cha juu cha hapa Bunia, kusikiliza waandishi wakisoma vitabu vyao. Naendaka kila mwezi. Nakaaka benchi ya nyuma, karibu na mlango, sisemi kitu. Lakini huingii salle bila kujaza liste: jina, kazi yako, namba ya simu, signature. Aliyenitangulia aliandika "chef d'avenue", mukubwa wa mtaa. Mwenye alimutangulia, "pasteur". Mimi ilikuwa niandike "élève", mwanafunzi tu. Mukono ukakataa. Nikaandika "écrivain", mwandishi.

Sijakaa hata dakika mbili, mama wa protocole, mwenye kupokea wageni, akanifuata. Akanitoa benchini, akanipeleka mbele, kwa viti vya wageni wa heshima. Kiti chenye mikono. Chupa ya sucré, soda baridi. Nadège wa darasa letu alibaki nyuma na koo kavu. Nilijuta, lakini kidogo. Sucré ilikuwa tamu.

Siku ya Mungu, tarehe 6

Assistant Baudouin, mwalimu wa kile chuo mwenye kupanga yale masomo, amenipigia simu. Namba nilimupa mwenyewe kwa ile liste. Aliniita chère collègue, kama vile mimi ni mwandishi mwenzake. Alisema posho ijayo ni zamu ya waandishi wa Bunia, nitasoma dakika kumi. Nilitaka kukataa. Mudomo ukajibu hakuna shida, Assistant.

Mimi mwenye kutetemeka nikiitwa tu kufuta ubao. Na sina hata mustari moja.

Siku ya tatu, tarehe 9

Mupango wa kwanza: malaria. Nililala chini ya blanketi mbili mpaka jasho likatoka. Mama akanipeleka centre de santé. Wakapima damu, hakuna kitu. Tukirudi, mama akaniuliza kwa sauti ya chini kama niko na mimba. Ikabidi niseme ukweli. Nilisema nusu yake: kwamba nitasoma mbele ya watu na ninaogopa.

Mama akasimama katikati ya barabara, akaanza kulia kwa furaha. Alisema yeye alijua tangu nikiwa mutoto. Jioni hii chorale yake nzima ya kanisa imeshajua. Watakuja na kitenge cha sare.

Sasa si mimi tu nitapata haya. Ni mama, mbele ya wenzake wote.

Siku ya tano, tarehe 11

Mupango wa pili: Nadège aniandikie. Yeye ni wa kwanza kwa kifaransa. Alisema ataandika bure kabisa, nimuambie tu kitabu changu kinaitwaje. Nikajifanya natafuta kalamu. Akaniita madame l'écrivain, darasa zima likasikia, akaenda zake.

Anajua nimedanganya. Kesho anaweza kusimama na kusema mbele ya mama.

Siku ya posho, tarehe 12

Imepita.

Wamama kumi na moja wa chorale, sare moja, mustari wa pili. Mama katikati. Nadège nyuma, amekunja mikono. Assistant akanipa micro. Karatasi yangu ilikuwa nyeupe pande zote mbili.

Nikafungua mudomo. Ukasema vile ilikuwa. Liste, pasteur, chef d'avenue, mukono kukataa. Blanketi mbili. Swali la mama njiani. Nilisema nikiangalia sakafu, nikingoja kufukuzwa.

Watu wakacheka. Chef d'avenue mwenyewe alicheka mpaka akapangusa macho. Assistant akasema ni nouvelle, hadithi fupi, ya nguvu, na kwamba huyo mutoto muongo nimemutunga vizuri sana. Hakuna aliyeamini ni kweli. Nadège alifungua mudomo, akaufunga, akapiga makofi kama wengine.

Mama tu hakucheka. Tukatembea mpaka karibu na nyumba. Hapo akasema ile ya mimba ningeiacha. Kisha akanibebea begi.

Siku ya Mungu, tarehe 13

Asubuhi niliapa kanisani: sidanganyi tena. Niliapa kweli, macho yamefungwa.

Tulipotoka, Papa Willy mwenye kuuza vitabu kule Marabo akanipongeza. Akauliza nimeshaandika vitabu ngapi. Nilitaka kujibu sifuri. Nikasikia mutu anasema vitatu. Ni mimi. Akauliza viko wapi. Nikasema nyumbani, mtaa wa Rwambuzi, carton nzima iko chini ya kitanda. Akasema vizuri, atatafuta namna ya kuviuza.

Nilifikiri namna ni mwezi ujao. Sasa ni saa tisa na pikipiki imezima kwa lupango yetu, mbele ya mlango. Namusikia akisalimia mama, akisema amefuata vitabu vya binti. Mama anauliza vitabu gani. Mama anasema, haya papa, tumuulize mwenyewe.

Nitasema vililowa na mvua. Hapana, chumba hakivuji, mama anajua. Panya. Panya walikula carton yote, na nilikuwa naanza cha ine. Hiyo itapita.

Viatu vya watu wawili kwenye koridoo. Viko karibu. Ukurasa huu uingie chini ya godo—