Mgombea wa Vijiko Vitatu

Jumapili, 5 Novemba

Picha zimebandikwa. Kuanzia mlango wa duka la ushirika hadi ukuta wa shule, kila nguzo ina uso wangu. Kushoto ni mimi wa mwaka jana, mashavu yamemeza shingo. Kulia ni mimi wa leo, taya limechongoka kama la ofisa wa jeshi. Chini yake maneno niliyoyatunga mwenyewe: FAWAZ – AMEWEZA TUMBO LAKE, ATAWEZA GHALA LETU. Nilisimama ng'ambo ya barabara nikijitazama hadi mlinzi wa maegesho akaniuliza kama nimepotea.

Uchaguzi wa bodi ya duka ni Jumamosi ya tarehe kumi na nane. Kiti kimoja, wagombea wawili: mimi, na shemeji yangu Mishari, kaka wa mke wangu, aliyekikalia kiti hicho hadi kimechukua umbo lake. Mishari ni mpole, mzito, hana sera hata moja. Nimeshaanza kumhurumia.

Kwa kuwa shajara hii haisomwi na mtu, niseme: tumbo langu sikuliweza mimi. Aliliweza daktari mwezi Septemba, akalikata, akaniachia kipande chembamba kama ndizi. Mtaa mzima unajua nilikuwa Georgia nikipanda milima na kula matango. Anayejua ukweli ni Hessa, mke wangu, maana ndiye aliyenipeleka hospitali na kunirudisha. Anasema niwaambie watu tu, kuna ubaya gani. Nimemjibu kuwa siasa aniachie mimi. Akaniletea supu, vijiko vitatu, akasimama mlangoni kuhakikisha natafuna. Supu! Eti ndivyo daktari alivyoagiza.

Jumanne, 7 Novemba

Nimegundua kasoro ndogo katika mpango. Kampeni ni kula.

Hakuna aliyeniambia. Au waliniambia nikiwa bado mnene, nikaona ni habari njema. Kila baraza lenye kura lina mwenyeji, na kila mwenyeji ana sinia, na mgombea asiyegusa sinia ameshamtukana mwenye nyumba na ukoo wake. Zamani nilikuwa bingwa. Nilikuwa nikiingia, wapishi wanaongeza mchele. Sasa ni vijiko vitatu, na maji marufuku mpaka chakula kishuke. Njaa yenyewe ilikwenda zake tangu Septemba, haijatuma hata salamu. Kilichobaki ni ulimi, ambao hakuna aliyeupasua.

Mpango wa kwanza: mfuko. Sisi mtu akimshukuru mwenyeji anaweka mkono kifuani. Nikalaza mfuko wa nailoni ndani ya mfuko wa kanzu, hapo hapo kifuani. Tonge moja mdomoni, "asante sana mwenyeji wetu," matonge matatu mfukoni. Barazani kwa Abu Yusuf nilishukuru sana. Walisema hawajawahi kuona mtu mwenye shukrani kama mimi.

Nailoni ilikuwa na tundu. Mchuzi wa nyanya ukaanza kuchuruzika kwenye kanzu nyeupe, upande wa moyo. Mzee mmoja asiyeona vizuri akapaza sauti kwamba mgombea kapigwa risasi. Wakanilaza chini, wakanifungua vifungo, wakatoa paja la kuku. Nikawaambia nampelekea paka wa jirani, ana watoto wachanga. Wakaguswa. Kura za wapenda paka ninazo.

Alhamisi, 9 Novemba

Doa halitoki. Hessa amesema kanzu sasa ni ya kuoshea gari.

Mpango wa pili ni bora zaidi: unyenyekevu. Leo sikukaa kula kabisa. Nilizunguka sinia nikichambua nyama kwa mkono wangu na kuwawekea wenzangu mbele. Kula, mjomba. Hiki cha ubavuni chako, kaka. Wamepagawa. Nikamsikia mmoja akisema Mishari huja kukaa tu, huyu anatuhudumia kama mama yetu.

Furaha ikanipanda kichwani. Zilipoletwa kaimati, za moto, zinachuruzika asali ya tende, nikajiambia moja haina neno, ile ni hewa tu. Nikala moja. Ya pili ilikuwa ndugu yake, ningeitenga vipi? Muda si muda moyo ukaenda mbio, jasho likanilowesha, machozi yakaanza kunitoka. Daktari ana jina refu la hali hii. Hessa anaiita adhabu.

Kwa bahati, wakati huo nilikuwa nahutubia kuhusu bei ya mayai. Nikaimaliza hotuba nikilia. Mtu akasema nyuma, "Jamani, huyu ana uchungu na sisi." Mwingine akasema mwaka wa ishirini anahudhuria kampeni, hajaona mwanasiasa anayelilia mayai.

Mishari naye alikuwepo. Alinitazama muda mrefu, akanisogezea mto, akaninong'oneza nijilaze kidogo na sukari niiache. Wivu mtupu.

Jumamosi, 11 Novemba

Mzee Khalaf amenialika karamu, na mimi ndiye mgeni wa heshima. Ukoo wake ni nusu ya wapiga kura. Umebaki ushindi tu.

Nimerudi. Niandike kwa utulivu.

Kulikuwa na sinia kuu, kondoo mzima amelala juu ya wali wa zabibu. Kando kulikuwa na meza fupi yenye visahani na vijiko vya chai, wamekaa wanaume wachache na Mishari, wanadonoa samaki polepole na kucheka. Mhudumu akanielekeza huko. Mimi! Mgeni wa heshima, kwenye meza ya wagonjwa! Nikamwambia mwenye taya kama hili hali kwenye kisahani, nikakaa kwenye sinia kuu. Mishari yeye namjua, anatafuta kura za huruma.

Mzee Khalaf akanimegea nyama ya shingo kwa mkono wake, pande la kujaza kiganja. Nikachezesha vidole kwenye wali, nikaongea kuhusu majokofu ya duka, nikamsifu mpishi. Mzee hakuondoa macho mdomoni mwangu. "Kula, mwanangu. Mbona unaukwepa? Au wali wangu una miiba?" Kicheko. Ukoo mzima unanitazama. Nikatia kinywani, nikameza bila kutafuna.

Ikakwama. Ambaye haijamkuta hawezi kujua. Kifua kinafungwa, mate yanajaa, povu linapanda, na uso unatakiwa ubaki wa mgombea. Nikanyanyuka kuwahi sinki.

Nyuma yangu nikasikia kanzu zote zikinyanyuka. Mgeni wa heshima akiinuka, sinia limekwisha. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Walikuwa hawajafika hata mbavuni. Nilipomaliza kutema povu nikageuka, nikakuta foleni ndefu ya wanaume wenye njaa wakisubiri kunawa mikono iliyo safi. Nikawaambia hii ndiyo nidhamu nitakayoileta kwenye bodi. Lililonijibu ni tumbo la mtu mmoja, lilinguruma.

Mishari akasema kutoka kwenye visahani vyake, "Jamani, mgeni kaenda kunawa tu, anarudi. Kaeni mle." Wakarudi mbio. Huo ni wizi wa kura mchana kweupe.

Jumatatu, 13 Novemba

Baridi. Wenzangu wanalalamika joto, mimi nimevaa sweta. Nywele zimejaa kwenye kitana. Hessa anasema ni protini, sili mayai yangu kwa kuwa nimechoka na kampeni za vyakula vya watu.

Aliwapikia watoto wali wa kuku. Nikapita jikoni nikaona ukoko chini ya sufuria, wa rangi ya dhahabu, unametameta. Miaka yote ukoko ulikuwa wangu. Mama yangu alinikwangulia, kisha Hessa akarithi kazi hiyo. Nikavunja kipande, nikakitafuna mpaka kikawa maji, na nikashiba. Kipande kimoja. Sufuria imejaa na mimi nimeshiba. Nikakaa chini nikalia, na safari hii haikuwa kaimati.

Hessa akakaa pembeni yangu. Akasema anajua nimefiwa na chakula, na nina haki ya kulia, lakini nikiendelea kubugia minofu mbele za watu iko siku kitapasuka kitu tumboni. Akasema, "Baba Talal, sitaki kuwa mjane wa duka la ushirika." Nikamwahidi nitajitunza. Nilimaanisha. Baada ya uchaguzi.

Alhamisi, 16 Novemba

Tetesi. Kwenye kundi la simu la mtaa mtu ameandika kwamba Georgia hakuna matango ya namna hiyo. Akafuata mwingine na picha ya mkasi.

Nilikuwa na hotuba ya mwisho leo barazani kwa Mzee Khalaf, watu wamejaa hadi ukumbini. Mpango wa tatu: kushambulia. Nikasimama, nikapiga kifua cha kanzu mpya isiyo na doa. Nikasema wapo wanaokimbilia kisu, mimi nilikimbilia mlima. Nikasema aliyeshindwa na sahani yake akaenda kulala mezani kwa daktari, je, mtamkabidhi ghala? Nikasema kisu ni cha wavivu.

Kimya. Kimya kizito, cha heshima. Mtoto mkubwa wa Mzee Khalaf akajishika tumboni kana kwamba anarekebisha mkanda. Wanaume wa meza ya visahani walikuwa wakitazama zulia. Mishari alifumba macho. Nimewashika. Sijawahi kushika watu namna ile.

Nilipofika nyumbani Hessa alikuwa ameshasikia kwa kaka yake. Aliweka supu mezani akaenda kulala bila kuniangalia kama natafuna. Nadhani ni furaha imemzidi.

Jumapili, 19 Novemba

Nimeshindwa.

Jana kura za Mishari zilikuwa nyingi kiasi kwamba msimamizi aliacha kusoma jina, akawa anasema "yuleyule". Jina langu lilisomwa mara mbili. Moja ni mimi. Nilimshukuru Hessa kwa ya pili, akasema nisimshukuru, yeye kampigia kaka yake. Basi ni mpenda paka.

Nimetoa picha zangu kwenye nguzo kabla jua halijawa kali. Nina aibu. Sijui nitaingiaje dukani kununua maziwa. Nilikitaka kile kiti. Nilitaka siku moja niingie mahali watu wanyanyuke kwa ajili yangu na si kwa sababu ninachukua nafasi ya watu wawili.

Jumatatu, 20 Novemba

Mishari amekuja. Nilijificha bafuni, Hessa akamwonyesha bafu liliko.

Akaongea kupitia mlangoni. Akasema, "Shemeji, fungua, mimi sina mdomo wa kukucheka." Nikafungua. Akapandisha fulana. Makovu manne madogo, sawasawa na yangu. Kumbe alipasuliwa miaka sita iliyopita, na nusu ya uzito umerudi kwa sababu ya kaimati, ndiyo maana alinitambua mapema. Mtoto mkubwa wa Mzee Khalaf naye kapasuliwa. Abu Yusuf pia. Msimamizi wa uchaguzi pia. Akaanza kunitajia mtaa, nyumba kwa nyumba, nikamwomba anyamaze. Ile meza ya visahani ni yao. Wanakutana kila Alhamisi, wanashauriana vitamini, wanataniana, na anayekwamiwa anapigwa mgongo na wenzake bila kuulizwa.

Akasema walijua siku ile ile ya mfuko, na walikubaliana kunipa kura zao zote. Yeye mwenyewe alichoka na kiti, alikuwa anatafuta namna ya kuniachia. Wakawa wanasubiri tu niseme. Badala yake nikawaita wavivu mbele ya wake zao waliokuwa wakisikiliza upande wa pili wa ukuta.

Nilitazama sinki. Mishari akaniambia yaliyopita basi, nafasi yangu mezani ipo, niende Alhamisi nikasimame niseme ukweli, watacheka kidogo halafu itakwisha. Na mwakani kiti kitakuwa changu bila kampeni.

Machozi yakanitoka. Nikamkumbatia shemeji yangu palepale bafuni. Hessa akalia na yeye, akanikaangia yai, nikalila taratibu nimekaa, bila kumdanganya mtu, na lilikuwa tamu kuliko karamu zote za mwezi huu. Nimeelewa. Uongo umenigharimu. Alhamisi nitawaambia wote kwamba nilipasuliwa.

Nimekuwa nikifanya mazoezi ya kuusema mbele ya kioo. Ni ukweli mzuri, ila ni mfupi. Kila mtu pale amepasuliwa, na mtoto wa Mzee Khalaf amepasuliwa mara mbili. Nikienda na ukweli mtupu nitakuwa wa mwisho mezani, na wa mwisho mezani hapewi kiti. Ukweli wangu unahitaji kusaidiwa kidogo tu.

Nitasema nilipasuliwa bila nusukaputi. Macho wazi, nikimshikia daktari taa.