Monari na Kitanda cha Stima Kilichopanda Mlima wa Suna

Sogeeni, enyi watu wa Suna! Sogeeni nyinyi wa Sori mnaonuka omena, na nyinyi wa Mbita mnaojidai kwa sababu mna feri! Mama, funika sufuria. Wewe kijana, toa muwa mdomoni, unatafuna mpaka sijisikii. Maana leo sitangazi majemedari wala wafalme waliochoma miji ya watu. Hao wana wasifu wao na walishalipwa. Leo namtangaza Monari, fundi wa redio, Simba wa Solda, Mshika-Bisibisi Asiyetetemeka, mume wa Nyatichi na baba wa Valentine, yule ambaye katika miaka ya tisini, wakati simu ya mtaa mzima ilikuwa ile moja ya posta na foleni yake ilifika barabarani, alilala chali akapanda mlima.

Umesikia vizuri. Alilala chali, akapanda mlima, na hakutoa jasho hata la kulowesha kola.

Chombo chenyewe kilitoka Homa Bay. Mzungu mmoja mrefu kama nguzo ya stima alikileta akitokea Tanzania, malaria ikamwangusha karibu na gati, akapona nusu, akapanda basi la Nairobi bila kugeuka nyuma. Aliacha baiskeli ambayo macho yetu yalikuwa hayajawahi kuona: kiti cha kuegemea kama cha daktari wa meno, gurudumu la mbele dogo, na pedali ziko mbele kabisa, juu, hivi kwamba mwendeshaji analala na miguu ndiyo inatangulia. Monari alikuwa ameenda huko kutengeneza redio ya mwenye gesti. Mwenye gesti akamlipa kwa kile chuma badala ya pesa, na Monari akashukuru. Huyo ndiye shujaa wetu. Mtu mwingine angelia.

Akakileta kwetu Migori juu ya basi, kikiwa kimefungwa pamoja na kuku, na kabla hakijagusa ardhi ya Suna tayari watu walikuwa wamekipa jina: Kitanda.

Sasa, hakuna vita bila adui, na adui wa Monari hakutoka mbali. Alikuwa ni Mzee Onyancha, baba mzazi wa Nyatichi, mzee wa kanisa la Wasabato pale juu ya mlima, Ngurumo ya Suna, Bwana wa Kipaza Sauti. Kanisa halikuwa na stima, lakini lilikuwa na spika moja kubwa iliyofungwa juu ya paa ikitazama soko, na spika hiyo ilikula betri ya gari. Kila Ijumaa betri ilichajiwa pale posho mill, kwenye kinu cha kusaga unga, na kila Sabato asubuhi mtu mmoja aliyeaminiwa aliibeba mpaka kanisani. Mtu huyo aliyeaminiwa alikuwa Monari. Aliifunga nyuma ya Kitanda, akalala, akanyonga pedali mlima wote huku akihema kama ng'ombe wa kulima.

Na hapo ndipo moto ulipowaka. Maana kwa Wakisii, mkwe na baba wa mke wanapeana heshima ya kutisha. Huwezi kukaa ovyo mbele yake, sembuse kulala, sembuse kunyoosha miguu. Na Mzee Onyancha, akisimama langoni kila Sabato na suti yake ya kijivu kupokea kondoo wa Bwana, alimwona mkwe wake akija amelala chali, magoti juu, nyayo mbele, akimrushia mateke kutoka chini ya mlima mpaka juu.

Hakunyamaza. Alipanda mimbari, akashika maikrofoni, na mahubiri yakaenda mpaka saa nane, na katikati ya mahubiri jina la Monari likapita juu ya paa, likashuka sokoni, likaingia kwa kinyozi, likaingia kwa Wakatoliki. Sabato baada ya Sabato! Jumapili Monari akienda kununua sabuni, Caren, mama wa kuuza dagaa wa omena kutoka Sori, alimsalimia hivi:

"Yawa, Monari! Jana ulitajwa tena. Uko sawa lakini?"

Sokoni walicheka. Wateja walianza kupeleka redio zao kwingine, kwa sababu nani anataka redio yake iguswe na mwenye dhambi anayejulikana mpaka kwa kinyozi?

Ndipo Jumatatu moja Mzee Onyancha akaja mwenyewe, akasimama uani, mbali na mlango kama desturi inavyotaka, akahutubia ukuta badala ya mtu:

"Nasema na huyu ukuta. Nilitoa binti, binti mzuri, amesoma mpaka fomu four. Nikaletewa mtu wa kunipiga mateke! Na hayo mateke ni kazi. Anatoka jasho siku ya mapumziko kama mtu anachimba choo. Ukuta, mwambie huyo mtu: Sabato ijayo akifika langoni bila kuzungusha miguu hata mara moja, sitamtaja kwa spika tena mpaka siku ya kufa kwangu. Akizungusha hata robo, Jumapili hicho chuma kinaenda kwa watu wa skrepa!"

Na Monari, kutoka nyuma ya mlango, akajibu kwa sauti ya kishujaa iliyopasuka katikati:

"Ukuta, mwambie Baba nimesikia!"

Nyatichi alikuwa anachambua mboga. Hakuinua kichwa. "Umesikia nini? Utaruka?"

"Nitaweka stima."

"Stima iko wapi, Baba Valentine? Hapa kwetu hata mshumaa tunakata nusu."

Lakini mashujaa hawaulizwi maswali kama hayo. Monari alizunguka gereji zote za Suna kama jemedari anayekusanya jeshi. Kwenye pick-up iliyokufa zamani, ambayo mbuzi walikuwa wanazalia ndani, aling'oa stata, ile mota inayoamsha injini. Kwa fundi wa pikipiki alipata mnyororo. Kwa nyumba iliyobomolewa alipata swichi kubwa ya ukutani. Na betri? Enyi wasikilizaji, betri tayari alikuwa nayo! Ile ile ya kanisa! Si ingepanda mlima hata hivyo? Badala ya yeye kuibeba, sasa ingembeba yeye. Aliiona hesabu hiyo ni nzuri mno, akacheka peke yake, na mahali pengine palipohitaji kuangaliwa katika hesabu hiyo hakupaangalia.

Uani pakageuka uwanja wa vita. Nyundo ililia. Solda ilitoa moshi, kuku wakakohoa. Stata ilipojaribiwa mara ya kwanza iliruka kama nyoka, ikauma beseni la Nyatichi, na beseni likafa papo hapo. Monari hakurudi nyuma. Alishona, alifunga, alipiga misumari pasipo na haja ya misumari. Pedali akazifunga kwa kamba ya katani zisizunguke hata zikitaka, ili pasiwe na ushahidi wa uongo. Stata ikakaa nyuma ya kiti, ikashikwa na nati nne.

Ijumaa jioni nati tatu zilikuwa zimekaza. Spana ilikuwa juu ya ile ya nne, mkono wa Monari umejaa nguvu, meno yamebanwa, wakati sauti ilipotoka jikoni:

"Baba Valentine! Jua limezama."

"Bado! Kuna kipande!"

"Kipande gani? Kuku wameingia ndani. Wewe unashindana na kuku?"

Alitazama. Kweli, kuku wa mwisho alikuwa anavuka kizingiti akiwa na haraka ya mtu wa dini. Sabato ilikuwa imeingia. Tazameni sasa ukuu wa mtu! Mzunguko mmoja tu wa spana ulibaki, mmoja, mtu mwingine angeuiba na Mungu angejifanya amepiga chafya. Monari aliishusha spana, akaifunga chini ya kiti, akanawa mikono, akaenda kuimba. Nati ya nne ikabaki imelegea, kwa utukufu wa Bwana.

Asubuhi mtaa wote ulitoka. Wasabato walitoka kwa sababu walikuwa wanaenda kanisani, na wengine kwa sababu Caren alikuwa amewaambia leo mtu anakufa. Monari akatokea na suti ya harusi yake. Akalala. Akaweka miguu juu ya pedali zilizofungwa, akatuliza nyayo kama mfalme aliyechongwa kwenye jiwe, akanyoosha kidole, akabonyeza swichi.

Kitanda kikaunguruma! Kikapiga kelele kama mashine ya kusaga mahindi makavu, kikatikisika, kikaondoka! Watoto wakakimbia kando yake. Kinyozi alitoka na mteja aliyenyolewa nusu. Kilipita soko, kikapita posho mill, kikaanza mlima, na miguu ya Monari haikusonga, haikusonga, nasema haikusonga!

"Haki ya Mungu, anaenda!" Caren akapiga makofi na mikono yenye magamba. "Mtu amelala na anaenda!"

Juu, langoni, Mzee Onyancha alikuwa amesimama na Biblia kifuani, anapepesa macho.

Halafu, karibu kabisa na lango, pale unapoweza kurusha kofia na ikaingia, ile nati ya nne iliamua kujitoa. Stata ikainama. Mnyororo ukalegea, ukaanza kurukaruka juu ya meno, krrr, krrr, na Kitanda kikasimama katikati ya barabara.

Monari amelala. Kunyonga hawezi, amefunga pedali. Kukaza nati hawezi, ni kazi. Kushuka asukume hawezi, kusukuma nako ni jasho. Spana iko chini ya makalio yake, na ni kama iko Uganda.

"Zungusha mguu, mwanangu," alisema Mzee Onyancha kwa upole ambao hakuwa ametumia tangu harusi. "Robo tu."

Monari akatazama mawingu.

Ndipo kwato zikasikika nyuma. Alikuwa Nchagwa, Mkuria wa huko mpakani, na ng'ombe wake wanaenda kunywa maji, na njia imezibwa na mtu aliyelala. Nchagwa hakuwa Msabato, hakuwa Mkatoliki. Dini yake ilikuwa ile ya babu zake na ng'ombe wapite.

"Mura, wewe ni mgonjwa?"

"Mimi mzima."

"Sasa unalala kwa barabara kwa nini? Kitu imeharibika?"

"Mimi siwezi kukuomba kitu," alisema Monari, na macho yake yakateremka polepole kuelekea chini ya kiti, yakabaki huko. Kutazama si kazi.

Nchagwa akainama. Akaona spana, akaona nati, akacheka mpaka ng'ombe wakageuka. Akashika spana.

"Wacha!" Mzee Onyancha alinguruma. "Amri inamkataza mtu na mgeni aliye ndani ya malango yake pia! Huwezi kufanya kazi kwake!"

"Kwake wapi? Hii barabara ni yake?"

"Ni..."

"Hii ni ya serikali, mzee. Ona hizo mashimo. Na mimi sitengenezei mtu. Nafungulia ng'ombe zangu njia." Akaiinua stata kwa mkono mmoja kama mtoto mchanga, akakaza nati mzunguko mmoja, akagonga kiti. "Enda huko! Toa kitanda yako hapa!"

Swichi ikabonyezwa. Moshi mwembamba ukatoka. Kitanda kikaunguruma mara ya mwisho, sauti ikashuka, ikashuka zaidi, kikajikokota kama mzee anayetafuta kiti, na kikazimika kabisa mahali ambapo miguu ya Monari, viatu vyake vyeusi vilivyong'arishwa, ilikuwa imeshavuka lango, na Monari mwenyewe yuko nje.

"Hajafika!" Mzee Onyancha akainua Biblia. "Miguu ndiyo imefika. Mtu bado! Watu huingia miguu mbele siku ya mazishi tu!"

Hapo Nyatichi akatoka kwenye kundi la akina mama, kitambaa chake kimenyooka, akazungumza na nguzo ya lango kwa sababu baba yake alikuwa amemfundisha adabu:

"Nguzo, mwambie Baba kesi ilikuwa ya miguu. Alilalamika mateke. Hiyo hapo miguu, imefika, imetulia, haijampiga mtu. Sasa anataka nini tena, figo?"

Akina mama wakapiga vigelegele. Wazee wakakohoa, wakakubaliana. Lango likatangazwa kuwa limetekwa.

Wakaibeba betri mpaka mimbarini kwa heshima, wakaifunga kwenye mashine. Mzee Onyancha akapanda, akashika maikrofoni, akajaza kifua.

"Halo. Halo."

Spika juu ya paa ilitoa sauti kidogo, *pth*, kama mtu anayetema mbegu ya chungwa, ikalala.

Betri ilikuwa imekwisha. Yote ilikuwa imeliwa na mlima! Mzee akahubiri kwa mdomo, lakini koo lililokuwa limezoea kubebwa na mashine halikuvuka benchi ya nne. Alisema, akasema, akashika koo, akaomba maji, akasema "Amina" kabla ya saa sita. Kabla ya saa sita! Watu walitoka nje wakifunika macho, hawaamini jua liko wapi. Walifika nyumbani chai ya thamosi bado inatoa moshi. Kule sokoni Caren alikuwa anatazama paa na kuuliza kama kuna mtu amekufa.

Hiyo, enyi wangu, ndiyo Sabato Fupi. Mpaka leo watu wa umri fulani pale Suna wanahesabu nayo miaka: huyu alizaliwa kabla ya Sabato Fupi, yule alioa baada. Redio zikarudi kwa Monari, zote, na zingine zilikuwa nzima.

Ijumaa iliyofuata Monari alirudi kutoka posho mill na betri imejaa, akaketi uani, akakaza nati ya nne mapema, jua likiwa juu bado. "Leo hakuna aibu," alisema. "Betri itafika na nguvu yake. Ile nati iliyolegea ndiyo iliyoila; ikikazwa, njia hii fupi ya sokoni haiwezi kuimaliza. Baba atasikika mpaka Sori."

Nyatichi alikuwa mlangoni, anatazama kuku wakianza kuingia mmoja mmoja. Akatazama mlima, na ile spika ya baba yake juu ya paa.

"Baba Valentine," akasema, "kesho usipite sokoni. Zungukia kule mtoni. Pita ile njia ndefu."