Mimi na Nge Tunaheshimiana

Jumatatu, 3 Machi

Mimi ni mtu wa bahati. Nimekaa Juba, nimelala stendi ya malori Namanga, nimekula nyama choma ya mnyama ambaye sikuuliza jina lake, na hakuna nge amewahi kuniuma. Hata mmoja! Mama yangu aliumwa na nge akiwa na mimba yangu, kwa hivyo damu yangu iko na makubaliano nao. Wananiona, wanapita kando.

Nilimweleza mke wangu Mukai haya yote asubuhi, baada ya yeye kupata nge ndani ya beseni ya nguo za mtoto. Hakutulia. Alisema anayetambaa kwa hii nyumba ni Muthoki, si mimi, na kama kuna makubaliano basi mtoto hakuitwa kwa huo mkutano.

Bibi yangu ana mdomo. Nilimuua nge kwa sandali, nikatoka nje nikipiga mluzi.

Ojwang, jirani wetu wa ukuta mmoja, alikuwa mlangoni pake anasikiliza. Ndiyo kazi yake. Akasema nge wanatoka kwa mawe yangu. Kila mtu na mawe yangu! Niko na ploti njia ya kwenda Kajiado, na mawe ya kujenga nanunua kidogo kidogo. Nayapanga hapa Noonkopir, nyuma ya nyumba ya kupanga, chini ya dirisha la chumba cha kulala. Ukiyaacha kwa ploti, siku ukienda kuyaona utakuta ni choo cha mtu. Sasa rundo limefika dirishani. Linapendeza. Ojwang hana hata kokoto. Wivu tu.

Jumanne, 4 Machi

Nge wa pili. Ndani ya kiatu cha Muthoki! Kile chekundu.

Mukai hakupiga kelele. Hiyo ndiyo ilinitisha. Alifunga nguo kwa leso, akabeba mtoto, akasema anaenda kwa dada yake Jacinta, Embulbul. Jumamosi atakuja kukagua. Akipata nyumba haina nge, atarudi. Akipata hata mmoja, atabeba vitu vilivyobaki na mtungi wa gesi, na mimi nibaki na mawe yangu tulale pamoja.

Jacinta alipiga simu jioni. Alinishauri niyaoe hayo mawe.

Nilianza kazi mara moja. Nilimwaga dizeli kuzunguka nyumba yote, kwa sababu huko Juba tulifanya hivyo. (Ilikuwa ya mchwa, lakini mdudu ni mdudu.) Nikakaa kwa stuli kungoja matokeo. Nge mmoja akatoka, akavuka dizeli polepole kama mzee anavuka lami, akaingia ndani. Sasa siwezi kuwasha hata kiberiti. Nimekula mkate mkavu. Ojwang amelalamika kupitia ukutani kwamba chai yake ina harufu ya lori.

Nyumba iko kimya. Kile kiatu chekundu kimoja walikisahau. Nimekiweka juu ya redio.

Jumatano, 5 Machi

Akili! Kuku anakula nge. Hii kila mtu anajua.

Ojwang ana kuku mmoja mwekundu, mnene, mwenye macho ya hakimu. Nilimwomba kwa heshima. Akanichezesha kwanza. Akauliza, omera, ndugu yangu, kwani yale makubaliano yenu na nge yamevunjika? Nikacheka naye. Mtu akihitaji kuku hucheka.

Nilimfungia kuku ndani kutoka saa nne. Alikula sukuma wiki yangu, akakula unga, akanya kwa kochi. Saa moja jioni akapanda kichwa cha kochi, akalala. Na saa hiyo hiyo nge akatoka chini ya kabati kuanza siku yake. Kuku anaingia kulala, nge anaingia kazini. Wamekaa dunia moja tangu zamani na hawajawahi kuonana!

Nilimrudisha kwa Ojwang. Lakini huyo kuku ameshataga yai chini ya kitanda changu na amependa mahali. Nilipogeuka nilimkuta tayari amepanda mawe, amesimama dirishani, anachungulia kama mpangaji aliyesahau sweta.

Alhamisi, 6 Machi

Nilienda dukani kwa Jimale kununua sabuni. Jimale ana ile taa ndogo ya zambarau ya kumulikia noti bandia. Binti yake Nasro, ambaye yuko kidato cha tatu, aliniambia mwalimu wao wa bayolojia alisema nge akimulikwa na taa kama hiyo gizani anang'aa kijani. Nikamwambia hayo najua, nilikuwa nangoja yeye aseme. Sikuwa najua.

Nilimngoja Jimale afuturu. Falis, mama Nasro, alinipa sambusa mbili, nami nikakumbuka kwamba sijala kitu cha moto tangu Jumatatu. Watu wazuri sana. Kisha Jimale akaja na taa na waya mrefu, na Ojwang akaja bila kuitwa.

Ndani tulipata wawili. Si mbaya! Nikaanza kutamba. Ndipo Jimale akapitisha taa dirishani, akamulika nje.

Sijui niandike nini. Ukitoka Isinya usiku uone mataa ya Kitengela yote kwa mara moja, ndivyo mawe yangu yalivyokuwa. Kila ufa na taa yake. Wengine walikuwa wamebeba watoto mgongoni, na watoto pia wanang'aa.

Jimale akanigeukia, akasema, "Warya, wewe Masila, hii si nyumba. Hii ni shule ya bweni."

Ojwang alilazimika kukaa chini. Alicheka mpaka akakohoa. Wote wawili wakasema mawe yaondoke kesho. Jimale akajitolea pikapu yake, Ojwang mgongo wake. Niliwaambia nitafikiria. Nimefikiria. Rafiki yangu wa Juba aliwahi kuniambia sumu ya nge inauzwa Ulaya kwa bei ya dhahabu. Dhahabu! Na mimi nilikuwa nawaua kwa sandali.

Ijumaa, 7 Machi

Nimewavuna. Taa niliomba kwa Jimale nikisema nataka kuhakikisha. Koleo ni la jiko la makaa. Ndoo ni ya rangi, ukuta wake ni laini, nge hapandi. Nilichukua wa ndani wote, na wa nje niliowafikia. Ndoo inakwaruza kama mvua ya mbali. Nimeweka kifuniko na kukitoboa wapumue. Mfugaji ni lazima awe na huruma.

Mpango ni huu. Mukai anakuja kesho, anakuta nyumba safi, anarudi. Kisha namwonyesha ndoo polepole, na biashara, na anajivunia mume. Ndoo nimeificha juu ya masanduku, pembeni mwa dirisha, nikaifunika kwa kanga.

Nilimpigia simu kumwambia nyumba iko tayari. Aliuliza mawe je. Nikasema mtandao ni mbaya.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika mguu ukiwa juu ya mto.

Mukai alifika saa tano na Muthoki mgongoni na fimbo mkononi. Nilivua sandali mlangoni kumwonyesha nimepiga deki mpaka harufu ya dizeli imeisha. Alikagua kila kitu. Alipindua kochi, akagonga viatu, akalala kifudifudi kuchungulia chini ya kitanda, akapata yai, akanitazama, akalirudisha. Hakuna nge! Nikaona bega lake linashuka. Akamfungua mtoto, akamweka sakafuni, akaweka sufuria ya chai. Hata alitabasamu kidogo alipoona kiatu juu ya redio. Nikajua nimeshinda.

Ndipo yule kuku akaja kutaga.

Alipanda mawe kama ngazi, akaingia dirishani, akatua juu ya kanga. Ndoo ikaenda chini. Kifuniko upande huu, kuku upande ule, na katikati biashara yangu yote inatembea kwa simenti, mikia juu.

Na Muthoki tayari alikuwa mlango wa chumba, anatambaa kuwaendea, anacheka.

Hapo sikuwaza bahati wala makubaliano. Niliruka, nikamnyakua, nikamwinua mpaka mabati. Mguu wangu wa kulia ukatua mahali ulipotua. Nilipiga nduru mpaka Jimale akafunga duka akidhani ni majambazi. Mukai alinipokonya mtoto, akamkagua kidole kwa kidole. Hakuguswa. Kuku pia hakuguswa, na alikula watatu, kwa hivyo nilikuwa sawa Jumatano, ni saa tu.

Ojwang alinibeba mgongoni, kisha kwa pikipiki mpaka kliniki. Nililia njia yote. Alinishika kwa mkono mmoja asije akaniangusha, akisema pole omera, pole omera, na hakucheka mpaka nilipodungwa sindano. Muuguzi aliuliza kama nimewahi kuumwa na nge. Nikamwambia kichwa kinaniuma.

Jumapili, 9 Machi

Wameondoa mawe. Ojwang, Jimale akiwa na saumu yake, hata Mukai, wote na glavu. Pikapu imepeleka yote kwa ploti. Ojwang pia alipaka simenti ufa ulioko chini ya mlango, bila kuombwa. Jimale alimulika jioni. Giza tupu, nje na ndani.

Mukai amebaki. Leso imefunguliwa, mtungi wa gesi uko mahali pake. Alisema amebaki kwa sababu ya vile niliruka, si kwa sababu ya vile nafikiri. Muthoki amevaa viatu vyote viwili.

Kabla ya safari ya mwisho ya pikapu, Ojwang na Mukai wakiwa wanakunywa chai nje na Jimale anapumzika kivulini, niliruka kwa mguu mmoja nikaokoa mawe bapa tisa, ya sakafu ya sebule. Hayo ni mazuri mno kuachia wezi. Nimeyaweka chini ya kitanda, ndani ya gunia. Nge hawezi kukaa kwa gunia. Waliomwagika Mukai aliwamaliza kwa fimbo, lakini kwa ndoo nimebakisha wawili waliokuwa bado ndani, dume na jike nadhani, nianze upya kwa utaratibu.

Ile ya Jumatatu ni uongo. Nge wameniuma tangu niko darasa la pili. Aliyemuuma mama alikuwa nyuki.