Kamati ya Vipigo vya Utaratibu

Kwa furaha kubwa, Mwanangwa Donatus, mkuu wa kijiji, alitangaza kwamba ushenzi wa kuwapiga wezi ovyo ovyo sasa basi. Kuanzia mwaka ule wa 1953, mwizi yeyote wa kijiji chake, kule upande wa Katoro, angepigwa kwa utaratibu, chini ya kamati. Mwenyekiti, yeye mwenyewe. Ng'ombe walikuwa wakitoweka, polisi wako mbali, watu wamechoka, wakampigia makofi.

"Ukipigwa mwano," alisema, akipunga usinga wake, "ule ukelele wa kuitana mwizi akiingia, kila mwanamume afike na fimbo mkononi. Asiyefika, au atakayekutwa mikono mitupu, ni mshirika wa mwizi. Atachapwa."

Wiki hiyohiyo mfugaji mmoja, Eustace, akaibiwa madume wawili wa ng'ombe. Mwano ukalia, wanaume wakatimka, mwizi hakuonekana hata unyayo. Kamati haikukata tamaa. Ilikuwa imempata asiyefika: mzee Nkwabi, aliyevunjwa mguu na jiwe la mgodini. Walimkuta bado njiani, anajikongoja na mkongojo wake.

Asubuhi akasimamishwa uwanjani, wanaume wote wamemzunguka. Mkewe, Limi, akapiga magoti.

"Shikamoo, Mwanangwa. Baba Mageni huyu, kwenda chooni tu kwake ni safari. Amkimbize mwizi kwa mguu gani?"

"Marahaba. Hoja nzuri sana, Mama Mageni. Rufaa zitapokelewa baada ya utekelezaji."

Fimbo zikainuliwa. Limi akajishika kichwa, akapiga mwano mpaka kuku wakaruka uzio.

"We mama!" Donatus alifoka. "Mwizi yuko wapi?"

"Sijui. Kamati si ndiyo yenye kazi hiyo? Mwano umelia. Tazameni nani hana fimbo."

Wakatazamana. Kila mmoja alikuwa na yake. Nkwabi alikuwa na mkongojo. Donatus alikuwa na usinga.

"Huu ni usinga wa cheo!"

"Sheria imetaja fimbo," alisema Eustace, kwa masikitiko ya mtu anayefurahi.

Donatus akamsogelea Nkwabi, sauti imepoa. "Mzee wangu, shikamoo. Niazime mkongojo kidogo."

"Marahaba. Ningekupa, mwanangu, ila nitabaki mikono mitupu, na mimi wizi sijauzoea."

"Basi kikao kiahirishwe! Sheria irekebishwe kwanza!"

"Hoja nzuri sana," alisema Limi, akijipangusa vumbi magotini. "Itapokelewa baada ya utekelezaji."

Siku hiyo ndipo kijiji kilipomwona Mwanangwa akikimbia kwa mara ya kwanza. Alikimbia vizuri sana, tena bila utaratibu wowote.