Malalamiko Kuhusu Shabiki wa Solberg Aliyetengeneza Mlango wa Mama Yangu

Vesna, siku ya Ijumaa

Ndugu Mwenyekiti wa Ligi ya Mpira wa Magongo wa Barafuni,

Nakuandikia kwa heshima yote inayostahili kiti chako, na kwa hasira yote wanayostahili majirani zetu wa Solberg. Naomba uisome barua hii ukiwa umekaa, na kahawa yako ukiiweka mbali kidogo na karatasi.

Mimi ni katibu wa mashabiki wa Nyati wa Vesna, timu ambayo Jumapili hii, Mungu akipenda na golikipa wetu akiamka vizuri, itacheza mechi ya saba na ya mwisho ya mtoano dhidi ya Bundi wa Solberg, katika uwanja wetu wa barafu. Sisi tumeshinda tatu, wao tatu. Hilo silalamikii, barafu inateleza kwa kila mtu. Nalalamikia tabia za mashabiki wao wanapokuja ugenini, na hasa za shabiki mmoja, mgane wa miaka sabini na kitu aitwaye Lorne Gunderson, ambaye amevuka mipaka yote ya ushindani wa michezo kwa kumtengenezea mama yangu mlango wa jikoni.

Nitaeleza hatua kwa hatua, usije ukadhani nimechanganyikiwa.

1. Kuhusu mwenendo wao uwanjani. Jumapili iliyopita, katika mechi ya tano, walifika mapema mno, kama watu wasio na ng'ombe wa kulisha. Wakajaza jukwaa la mashariki na mablanketi yao, chupa zao za kahawa, na ngoma moja ambayo nina hakika ni pipa la dizeli. Nyati walipokanyaga barafu tu, wakaanza: "Nyati gani hao? Mbona wanateleza kama ng'ombe kwenye sabuni!" Sisi tukawajibu kistaarabu, "Rudini kwenu mkachungulie matundu yenu ya kuvulia samaki kwenye barafu!" Ndipo mmoja wao akarusha katikati ya uwanja samaki mzima aliyeganda, mrefu kama mkono wa mtu. Refa alimkanyaga akaenda chini. Ni kweli kwamba sisi tulirusha kabichi, lakini kabichi ni mboga, haina miba, na huviringika yenyewe mpaka pembeni. Naomba kanuni zitofautishe vitu hivi viwili.

Mama yangu Paraska, mwenye miaka sabini na sita, hukaa safu ya pili nyuma ya goli letu, nami kando yake. Refa alipokuwa anainuka, mama alisimama akampigia kelele: "Ulikuwa unamtafuta nani huko chini? Miwani umeiacha kanisani!" Uwanja mzima ulisikia. Upande wa pili, mzee mmoja mwenye kofia ya kijani alicheka mpaka akajimwagia kahawa. Wakati ule sikumtilia maanani.

2. Kuhusu magari. Unaijua baridi ya huku. Pikapu ikiachwa nje bila hita ya injini kuchomekwa kwenye umeme, inaganda kama nyama kwenye friza. Ndiyo maana uwanja wetu umeweka soketi kwenye uzio wote, kwa wenyeji na wageni, wema ambao sikuwahi kuupigia kura. Sasa, kipindi cha tatu kikiendelea, plagi zote za upande walikoegesha watu wa Solberg zilichomoka. Wenye midomo wanasema zilichomolewa, na wengine wanamtaja hata mtu aliyeonekana akitoka nje na glavu mpya. Mimi sina la kusema juu ya hilo, ila glavu zile nilizinunua kwa kazi nyingine.

Nia ya wazalendo hao, wawe nani wawe, ilikuwa ndogo tu. Wageni wapige mateke matairi, watetemeke kidogo, na sisi tupite tukipiga honi. Lakini upepo ulivuma, theluji ikafunika barabara kuu, polisi wakaifunga, na pikapu zote za Solberg zikawa zimekufa. Na Vesna, hata umchukie mtu namna gani, humwachi nje kwenye baridi. Wazee wetu walituachia sheria hiyo kabla ya kutuachia mashamba. Basi padri akasimama mlangoni akaanza kugawa: huyu kwako, hawa wawili kwako, yule mwenye ngoma kwa mwenyekiti wa mji. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Tulimfungia adui ndani ya mji wetu, kisha tukamtandikia kitanda.

Mama hakusubiri kugawiwa. Alinyoosha kidole. "Padri, yule mwenye kofia ya kijani, anayecheka ovyo, nipe mimi."

3. Kuhusu tabia zao nyumbani kwa watu. Walikaa mpaka Jumatano. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa hawakutupa nafasi hata ya kuitumia methali. Jumatatu asubuhi, sisi bado tumelala, walikuwa wameshachukua makoleo na kuzoa theluji mtaa mzima mpaka mlango wa posta. Hiyo ni dharau, Ndugu Mwenyekiti. Unapomchukia mtu, unategemea naye akusaidie kidogo kwa kuwa mbaya. Kwangu waliletwa mume na mke ambao waliosha vyombo, wakakausha sinki, wakakunja mablanketi pembe kwa pembe. Mke wangu Darlene akaniuliza mbele yao, "Orest, umeona? Kumbe blanketi linakunjika!"

Lakini kwa mama ndiko kulikoharibika. Lorne alikula supu ya bitiruti mabakuli matatu. Akala na ule mzizi mkali anaousaga mama, ambao mimi mwenyewe naukwepa, akatokwa na machozi, akasema, "Bibi Paraska, sasa ndiyo nimeamka. Hebu niongeze." Mtu wa Solberg, aliyelelewa kwa viazi vyeupe na samaki mweupe! Alikuwa anajipendekeza, hakuna maelezo mengine.

Kisha mlango. Mlango wa jikoni wa mama ulikuwa haufungi sawasawa tangu baba afariki, majira manne ya baridi yaliyopita. Ni suala nililokuwa nalishughulikia. Nilishapima. Nilishanunua bawaba moja. Huyu mzee akashuka kwenye chumba cha chini ya nyumba, akachukua zana za baba bila kuniuliza, na kabla kahawa haijapoa akawa amemaliza. Mama alinipigia simu nisikilize unavyofunga. Akaufungua, akaufunga, akaufungua tena, akaufunga. "Umesikia, mwanangu? Hata upepo haupiti!" Nilisikia. Ulifunga vizuri, na iliniuma.

4. Kuhusu kicheko. Jumanne nilipita kuangalia usalama wake. Nikiwa barazani nakung'uta viatu, nilisikia mtu anacheka ndani, nikadhani ni redio. Alikuwa mama. Walikuwa wanacheza karata, mgeni anamwibia waziwazi, naye anamwibia zaidi.

"Lorne, we mwizi kama timu yako!"

"Bora mwizi kuliko nyati asiye na pembe, bibi. Toa hiyo uliyoikalia."

"Nimekalia kiti changu, nyumbani kwangu. Cheza!"

Ndugu Mwenyekiti, tangu tumzike baba nakwenda kula kwa mama kila Jumapili. Namsimulia bei ya ngano na hali ya mgongo wangu. Hajawahi kucheka hivyo hata mara moja. Sasa nauliza: kanuni za ligi zinasema nini kuhusu shabiki wa ugenini anayepata kwa siku tatu kile ambacho mwenyeji amekikosa miaka yote hiyo? Kama hakuna kanuni, itungwe.

5. Hoja hii nimeifuta kwa ushauri wa mke wangu.

6. Kuhusu mechi ya sita. Barabara ilifunguliwa Jumatano, wakaenda zao, nasi tukashukuru, wengine kwa sauti kuliko wengine. Jana tulikwenda Solberg kwa basi letu. Mama hakupanda. Lorne alirudi kumchukua kwa pikapu, mwendo wa kilomita themanini, kana kwamba Vesna haina magari. Tulipoingia uwanjani nikamwona mama yangu mzazi amekaa upande wao, kwenye safu yao, chini ya blanketi lao.

Sitaki kumsingizia. Aliwashangilia Nyati kwa koo lake lote, naye Lorne akawashangilia Bundi kwa koo lake, ubavu kwa ubavu, wakinywa kahawa kwa kikombe kimoja. Hilo ndilo baya kuliko yote. Angehama timu, ningelia siku moja yakaisha. Lakini watu wana macho. Wanaona mtu wa Vesna na mtu wa Solberg wanazomeana, kisha wanapeana keki, na kesho watauliza: kumbe inawezekana? Na ikiwezekana, mimi katibu wa mashabiki nina kazi gani mjini?

Tukafungwa. Nilipotoka nje nilimfuata Lorne kwenye pikapu yake, mama akisikia, nikamwambia: "Mzee, kitanda umepata, supu umepata. Sasa basi. Mama yangu si kombe, hutamchukua ukamweke kabatini kwenu." Nilitegemea ajibu kama mwanamume, nilikuwa na maneno mengine tayari. Alivua kofia, akaivaa tena, akamshika mama mkono mpaka kwenye ngazi ya basi letu kwa sababu pale palikuwa panateleza. Mama alirudi nasi. Njia nzima alikuwa anatazama dirishani, na dirishani hakukuwa na kitu zaidi ya theluji. Mimi niliwaambia wenzangu kwamba huo ni ushindi wa ugenini, na wengine walinipigia makofi.

7. Kwa hiyo naomba yafuatayo yatekelezwe kabla ya Jumapili. Mashabiki wa Solberg wapigwe marufuku kuingia Vesna. Wakiingia, wasile. Wakila, wasisifu. Yeyote atakayekutwa ameshika nyundo, bisibisi au koleo katika mji usio wake, timu yake ikatwe goli moja, na akitabasamu mawili. Wagane wasimamishwe kwenye daraja la kuingilia mji wetu na waulizwe kwa upole wanafuata nini. Wenyeji nao waadhibiwe wakicheka utani wa upande wa pili, isipokuwa wakithibitisha kwamba walikuwa wanakohoa. Na kama haya yote ni mazito kwa kamati yako, basi serikali ishauriwe kuihamisha Solberg, taratibu na bila fujo, mpaka ng'ambo ya mpaka wa mkoa, ambako mwenye pikapu atafikiria mara mbili. Hata hivyo, kama utaweza kunifanyia jambo moja tu, naomba liwe hili: Lorne Gunderson aandikiwe rasmi asikanyage uwanja wetu Jumapili.

Nisalimie wajumbe wote wa kamati, mkeo na wajukuu, refa aliyekanyaga samaki, dereva wa gari la kulainisha barafu, na akina mama wa kantini ambao kabichi zao zilitumika bila ruhusa. Wasalimie hata watu wa Solberg, ila usichangamke sana.

Wako katika kuitetea heshima ya mwenyeji,

Orest Pidlubny
Katibu, Mashabiki wa Nyati wa Vesna

Nyongeza baada ya kutia saini. Leo ni Jumamosi asubuhi na barua bado iko mezani kwangu. Jana, nilipokwisha kuandika, nilikwenda kwa mama. Alikuwa anamenya viazi, amenipa mgongo. Akaniambia Lorne amepiga simu kwamba haji Jumapili, goti linamsumbua, ataisikiliza mechi redioni. "Goti lake halina kitu," mama alisema. Kisha akasema na yeye pengine hataenda, maana uwanja ule una baridi. Mama yangu alikwenda uwanjani wiki ile ile tuliyomzika baba. Hakunigombeza. Nilikaa pale mpaka viazi vikaisha nikingoja anigombeze, na hakunigombeza.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naomba hoja zote kuanzia ya kwanza mpaka ya saba zichanwe. Badala yake, kwa mamlaka ya kiti chako, mwamuru mzee Gunderson afike Vesna kesho bila kukosa, yeye na goti lake na kofia yake mbaya. Mtishie faini. Akileta ubishi, ifungie timu yake. Darlene anakuletea karatasi hii kwa gari, mpe jibu hapo hapo. Najua tiketi zimeisha. Apewe kiti changu, safu ya pili, kando ya mama, mimi nitasimama. Wala asije akadhani mambo yamebadilika: akiingia tu atazomewa, na nitaanza mimi mwenyewe.