Masomo ya Kiingereza Stesheni

Jumatatu, 29 Machi 1993

Kiti cha Tshimanga kiko wazi. Miaka kumi na moja ameandika barua za Kiingereza za ofisi ya shehena ya reli, za kwenda Zambia na Afrika Kusini, na ameishi katika nyumba ya matofali inayoambatana na kiti hicho. Sasa yuko stesheni ya Kolwezi na Wakasai wenzake. Wanangoja treni ya kuwarudisha Kasai, ambako yeye hajawahi kufika. Jina lake ni la kwanza kwenye orodha ya mtaa wetu ya Wakasai wanaofukuzwa. Niliiandika mimi. Kamati ya mtaa ilinichagua katibu kwa sababu ya mwandiko. Majina 214, hakuna doa la wino. Pia nilipendekeza, na kamati ikapitisha, kwamba jina likishaandikwa halifutwi. Bila hivyo kila mtu angeleta shemeji wa kumtetea.

Mtihani wa kumpata mrithi ni Ijumaa, saa mbili asubuhi. Watahiniwa wawili: mimi, na jirani yangu Mukalay, aliyeuza samaki Ndola, kule Zambia, kwa miaka miwili na hutamka "yes" kwa kifua. Mpumbavu. Nilimwambia mke wangu Adolphine aanze kufunga vyombo. Aliuliza kama ninajua Kiingereza. Nilijibu kwamba nimekisikia mara nyingi. Akarudi kutwanga sombe yake, majani ya muhogo ya chakula cha jioni.

Jumanne, 30 Machi

Nimepata nakala ya barua moja ya Tshimanga. Maneno ya wakati yamekaa mahali pa ajabu. Sisi tunasema "siku zote" mwanzoni au mwishoni, mtu anaelewa, maisha yanaendelea. Kwake yamebanwa katikati. Nahitaji mwalimu, na mwalimu yuko stesheni.

Stany, kijana wa kamati, analinda lango la stesheni kwa kamba na fimbo. Walio kwenye orodha wanatoka na kuingia. Wengine marufuku, kwa sababu watu walikuwa wakipenya kujichukulia vitanda na sufuria. Nilimweleza kwamba mimi ndiye katibu. "Katibu ya nani? Kama hauko ku liste, haupite, tata." Alisema hivyo huku akila karanga.

Mtu asiye na akili angerudi nyumbani akanuna. Mimi nilirudi nyumbani, nikafungua orodha, nikaandika jina langu chini kabisa: 215, Kabongo. Mwandiko uleule. Muhuri ninao mimi.

Jumatano, 31 Machi

Nimepita. Nilimpelekea Stany orodha mpya, akakagua namba, akainua kamba.

Tshimanga anaishi chini ya magunia yaliyoshonwa, yeye, mke, watoto wanne na mama mkwe, juu ya godoro moja. Hakushangaa kuniona. Aliuliza nimeleta nini. Nilikuwa nimeleta penseli. Akasema bomba la stesheni limekauka tangu Jumapili, kwa hiyo somo moja ni bidoni moja la maji, lita ishirini. Unyang'anyi. Nilikwenda kuchukua bidoni la Adolphine.

Somo lenyewe ni dogo. Neno la wakati husimama kati ya mtenda na kitendo. *The train always comes late*: treni, siku zote, inachelewa. Niliuliza kwa nini lisikae mwishoni, ambako kuna nafasi tele. Alisema Waingereza hawakuliuliza neno lenyewe linapenda kukaa wapi. Mtu mwenye majivuno, hata juu ya magunia.

Kwa mazoezi alinipa sentensi ya kunakili mara kumi: *Kabongo often takes other people's things.* Nilinakili. Neno *often* limekaa barabara mara zote kumi. Mama mkwe aliomba atafsiriwe, akaambiwa kwamba Kabongo mara nyingi huchukua vitu vya watu, akacheka hadi akakohoa. Wivu. Kabla ya kuondoka nilimshauri Tshimanga aniachie godoro, safari ni ndefu na litachafuka. Akalikalia.

Alhamisi, 1 Aprili

Bidoni la pili. Leo *never*, yaani kamwe. Ni neno kali, linabeba kukana kwake lenyewe, halitaki msaada.

Adolphine ametoka sokoni amekasirika. Wanawake wanasema jina la mume wake linasomwa stesheni kila asubuhi. Nilimweleza kwamba ni kibali cha kuingilia tu. "Na treni ikikuya?" Nilimjibu kwa Kiingereza: *The train never comes.* Sentensi safi kabisa. Aliniangalia kama anavyoangalia unga wenye wadudu.

Mukalay alipita kuuliza, kwa upole mwingi, kama ni kweli jina likishaandikwa halifutwi. Nilimhakikishia. Sheria ni yangu.

Ijumaa, 2 Aprili

Nilifika saa kumi na mbili na bidoni, kwa marudio ya mwisho. Saa kumi na mbili na nusu treni ikaja.

Mabehewa ya mizigo, tisa. Stany alisoma majina. Alipofika 215 nilicheka nikamweleza. Mimi ni Kabongo wa kaskazini ya Katanga, si Kabongo wa Kasai. "Leo bantu bote banatoka kaskazini," alisema. Aliuliza nani aliandika jina hili. Nilisema mimi. Akauliza nani alikataza kufuta. Nikapandishwa kwa fimbo.

Tshimanga alimsogeza mtoto ili nipate pa kukaa, kati ya mama mkwe na godoro. Nimebanwa katikati kama *always*. Saa mbili mtihani ulianza Kolwezi. Sisi tulikuwa tumesimama porini, watu themanini katika behewa, na maji yaliyokuwamo yalikuwa yale ya bidoni langu. Yaligawiwa kwa kizibo, watoto kwanza. Hakuna aliyeniomba ruhusa.

Jumamosi, 3 Aprili

Tenke. Wanabadilisha injini. Nilimweleza jandarme, askari wa zamu, hali yangu kwa saa nzima, Kiswahili na Kifaransa. Hakuamini. Ndipo Tshimanga akasema kutoka ndani: "Huyu hapana wa kwetu, chef. Hatungemukubali." Jandarme alicheka, akanishusha.

Nimetukanwa mbele ya behewa zima. Treni ilipoanza kwenda Lubudi, mtoto mdogo wa Tshimanga alikuwa amelala, mdomo wazi, mkono juu ya bidoni. Nilipiga kelele wanirudishie. Hawakusikia, au walisikia.

Jumatatu, 5 Aprili

Nimerudi kwa lori la mfanyabiashara mmoja, Abedi, juu ya mifuko ya samaki wakavu. Mukalay alifanya mtihani peke yake. Ameshinda. Amehamia nyumba ya matofali. Adolphine hakuuliza nililala wapi. Aliuliza bidoni liko wapi.

Sikati tamaa. Kamati inataka orodha ya pili, na mwandiko mzuri ni wangu tu. Nimeanza leo mchana. Namba moja: Mukalay. Miaka miwili Ndola, na babu yake hajulikani. Kiti kitakuwa wazi tena kabla ya Pasaka. Katika kundi hili atakuwamo mwalimu mwingine, mama mmoja aliyefundisha Kiingereza sekondari. Masomo nitayaanza mapema safari hii.

Kamba ya Stany bado ipo langoni. Namba mbili: Kabongo.