Mlango Usifunguliwe, Baridi Itatoka

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyeumba jua akaliumbia na kivuli, akampa mwanadamu akili ya kukitafuta kivuli hicho, na wengine akawajaribu kwa akili ya kukiuza. Rehema na amani zimfikie Mtume wake mwaminifu, ambaye sokoni hakumpunja mtu.

Kabla ya kisa, wahusika wapangwe safu, asije msomaji akawakanyaga.

Wa kwanza ni Kipupwe. Jina alilopewa na wazazi wake lilisahauliwa zamani, kwa kuwa kila aliyemwendea akiwaka hasira, akitaka kumkaba ukosi, alizungumziwa kidogo akapoa, akarudi kwake anatabasamu, na aghalabu alikuwa amemwachia nauli. Wa pili ni mkewe, hodari wa kushona pindo na kutia vifungo. Wa tatu ni baba wa mke huyo, fundi cherehani, mtu wa maneno machache na mkasi mkubwa. Wa nne ni Mhasibu wa ofisi fulani, mwenye gari zuri na uchu uliolipita gari kwa uzuri. Wa tano ni Bibi mmoja mwenye tasbihi. Huyo tutamtazama akifika, kwa maana watu wa namna yake hawapendi kutangaziwa ujio wao.

Wakati wa kisa hiki mke alikuwa amerudi kwa baba yake. Hakupigwa, wala hakulala njaa. Aliondoka siku alipotambua kwamba cherehani aliyoletewa zawadi na mumewe ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuja kuichukua akamkuta mwanamke wa watu ameiinamia, anashona mto. Akafunga mzigo wake akasema: "Nitarudi siku utakapoleta mbele ya baba yangu chumo ambalo mwenyewe hatakuja kulifuata."

Kipupwe alimpenda mkewe. Hilo msomaji alishike, kwa sababu katika maneno yote ya mtu yule, hilo peke yake halikuwa la kuuza.

Ikawa siku moja anapita nyuma ya ofisi kubwa, akaona miti ya uwanja wa kuegeshea magari imekatwa yote, ili magari mengine yapate nafasi ya kuungua. Adhuhuri Mhasibu akatoka, akafungua gari lake, akarudi nyuma kama aliyefunua chungu kilichochemka. Akaingia. Akagusa usukani, akautoa mkono akaupuliza. Akaketi, kisha akainuka upesi kuliko alivyoketi. Mwishowe akaondoka ameushika usukani kwa leso, makalio yake ameyaegemeza upande mmoja kama mtu anayesikiliza siri iliyo nje ya dirisha.

"Subhana'llah," akanong'ona Kipupwe. "Umma wote huu unaungua bure bure, wala hakuna anayewatoza!"

Akaenda kwa mwuza vifaa vya ujenzi, akachukua mviringo wa ile karatasi ya rangi ya fedha inayotandikwa chini ya mabati ili nyumba isipate joto. Akakusanya makatoni dukani. Akakata, akagundisha, akakunja, akapata vibao laini vya kufunika vioo vya gari, vinavyong'aa kama mbalamwezi. Akaviita Ngao.

Lau angeishia hapo, angekuwa mfanyabiashara. Lakini mazoea yana taabu: mkono uliozoea kuchanganya maji katika maziwa, siku ukipewa maji matupu huyatafutia maziwa. Kipupwe hakuweza kuamini kwamba karatasi ile ingefanya kazi kwa uwezo wake. Akaazima gari kuukuu kwa fundi magari, akanunua bonge la barafu, akalitia katika karai chini ya kiti cha dereva, akalifunika gunia. Asubuhi akaliegesha gari juani pembeni mwa uwanja, ubavu wake mmoja ukikaribia ukuta wa ofisi, akafunika vioo vyote kwa Ngao. Akaacha upenyo mwembamba juu ya kioo cha dereva, na kwa ndani, chini ya upenyo ule, akatundika mfuko wa ngozi.

Mfuko ule una maelezo yake. Kipupwe hakuweka fedha katika kanzu wala katika suruali, kwa hekima ya kazi yake: mfuko wa nguo uliovimba humkumbusha mnunuzi fedha zake. Kila alicholipwa alikitumbukiza upenyoni, kikaanguka mfukoni, na mnunuzi akabaki akitazama mikono mitupu ya mtu mnyenyekevu.

Adhuhuri akapaza sauti. "Waungwana! Gari hili limekaa juani tangu asubuhi kama magari yenu. Aingie mmoja, atuambie alichokikuta! Ila sharti ni moja: aingie upesi, afunge upesi, na akiwa ndani mlango usifunguliwe. Mlango ukifunguliwa, baridi itatoka!"

Mhasibu akaingia. Sauti yake ikasikika ndani kama ya mtu aliyetiwa maji mgongoni. "Ah! Ah! Miguu yangu!"

Alipotoka alimvuta Kipupwe kando. "Sikiliza ndugu yangu. Usimuuzie mtu yeyote mwingine. Niuzie mimi zote, niwauzie wenzangu mle ndani."

"Kwa bei yangu?"

"Kwangu iwe bei yako. Kwao nitaipangia adabu."

"Mzee, wenzako si rafiki zako?"

"Ndiyo maana wataniamini."

Kipupwe akamtazama kwa mapenzi ya kweli, kama mwalimu aliyekutana na mwanafunzi mwenye kipaji. Akamkubalia nusu ya mali, nusu akabakiza kwa ajili ya umati uliokuwa unazidi.

Hapo ndipo Bibi alipofika. Mfupi, amejitanda nguo nyeusi iliyochakaa kwa heshima, tasbihi inamzunguka vidoleni. Watu wakampisha.

"Mwanangu," akasema, "nina mjukuu mwenye gari. Nikimnunulia kitu nisichokijaribu, nitaulizwa na Mola wangu. Niache nikae humo kidogo, nimalize uradi wangu, nione kama baridi inadumu."

"Karibu, mama yangu. Ila mlango..."

"Nimesikia. Baridi itatoka. Nami sitaki kuwa sababu."

Akaingia, akafunga. Kwa vioo vilivyofunikwa, hakuna aliyeona kilichokuwamo. Wahenga wa tungo wangeliona mapema, nasi tuliseme kwa niaba yao:

*Mwenye kuziba dirisha, jua lisimfikie,*
*na jicho hulikomesha, mwizi asimwangalie.*

Kipupwe akauza. Akalipwa, akatumbukiza upenyoni. Akauza tena, akatumbukiza tena. Na mara moja alihisi noti inapokelewa ndani kwa ulaini, kama sadaka inayopewa aliyeistahiki. Hakulizingatia.

"Bibi!" akaita kwa kugonga kioo. "Hujambo humo?"

"Sijambo, mwanangu. Endelea na kazi. Mungu akuzidishie."

Akazidishiwa. Mhasibu akarudi mbio kutaka nusu iliyobaki. "Wenzangu wanagombana mle ndani! Bibi bado yumo?"

"Yumo."

"Muda wote huu? Haungui?"

Kipupwe akagonga tena. Kimya. Akagonga kwa nguvu zaidi. Kimya. Moyo ukamwambia fungua. Mkono ukaenda kwenye kitasa, na umati wote ukapiga kelele kwa pamoja: "Usifungue! Baridi itatoka!"

"Amelala," akasema Mhasibu kwa uchaji. "Baridi imemlaza mzee wa watu adhuhuri hii. Nipe zote zilizobaki."

Mkono ukabaki kwenye kitasa. Mjanja aliyejenga mlango wa uongo alikuwa amejifungia nje yake. Akauza Ngao ya mwisho, akatumbukiza malipo, akasubiri mpaka watu waliporudi kazini, ndipo akafungua.

Kiti kilikuwa kitupu. Mlango wa upande wa ukuta haukufungwa sawasawa. Lakini mfuko! Mfuko ulikuwa umetundikwa pale pale, umefungwa zipu, mzito kuliko alivyotarajia. Akaushika: baridi tele. "Fedha iliyokaa kwenye baridi nayo hupoa," akajiambia. "Maskini Bibi, kaona haya kukaa muda mrefu, kajipitia zake." Karai alilikuta tupu na kavu, hakujiuliza barafu imeyeyukia wapi. Wala hakuufungua mfuko, kwa kuwa mtu wa fani yake hafungui mfuko karibu na alipoupatia, na kwa kuwa alitaka macho ya kwanza kuona kilichomo yawe ya mkewe.

Akaendesha moja kwa moja hadi kwa baba mkwe, akaegesha juani mbele ya mlango, akarudisha Ngao zake kwenye vioo kwa mazoea.

Chumba cha fundi kilinukia chaki na mafuta ya cherehani. Ukutani palikuwa na kanzu za wateja kwenye waya, na nyuma ya pazia mkasi ulikuwa ukikata uzi. Mkasi ukanyamaza.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja na nini?"

"Chumo, baba. Nimefanya biashara kweupe, mchana, mbele za watu. Na yeye asikie huko aliko." Akauweka mfuko mkekani, akaivuta zipu kwa madaha ya mtu anayefunua bibi arusi.

Maji yakatoka. Yakapita kwenye mkeka, yakaizunguka miguu ya cherehani, yakaenda kutafuta mlango. Nyuma yake kikafuata kipande cha barafu, kikateleza polepole mpaka kwenye kidole cha fundi.

Fundi akakitazama. "Chumo lako linatiririka."

"Baba..."

"Na ni baridi."

Kipupwe akakiokota kile kipande cha barafu. Hakuna uongo unaoelezea barafu katika mfuko wa fedha. Basi ikabidi aseme kweli, yote, ya karai na gunia na Bibi na upenyo aliotumbukizia malipo mkononi mwa mwizi kwa mkono wake mwenyewe. Alipofika hapo, nyuma ya pazia kikasikika kicheko kilichojaribu kuzuiwa kwa kitambaa, kikashinda.

Fundi aliingiza mkono ndani ya mfuko ule, akatoa tasbihi inayodondosha maji. "Hakukuacha mikono mitupu. Amekuachia kazi ya kufanya. Anza na astaghafiru'llah."

Hapo mlango ukagongwa kwa vishindo. "Tumeliona liking'aa tangu barabarani! Mwenye gari hili yuko wapi?"

Kipupwe akaitambua sauti ya Mhasibu. Wenyewe wamekuja kulifuata chumo! Akaruka nyuma ya kanzu zilizotundikwa, akabaki anaonekana magoti kwenda chini.

Mke akatoka nyuma ya pazia, akafungua. Mhasibu alikuwa na wenzake wawili, wote wanatoka jasho.

"Amekukoseeni nini?" akauliza mke.

"Kukosea? Dada, nimeshika usukani kwa mikono miwili! Gari lina joto, sikatai, lakini la kustahimilika. Nimekaa kwenye kiti changu kama mtu mwenye kiti. Hawa wenzangu wanataka, na ofisi ya jirani inataka. Na ukingo wa Ngao unachanika, mwambieni autie pindo."

"Bila barafu?" kanzu zikauliza.

Wageni wakashtuka. "Nani huyo?"

"Msimjali," akasema fundi. "Ameyeyukiwa."

Mke akawatazama wageni, kisha magoti yaliyo chini ya kanzu. Akatoka nje, akafungua mlango wa gari alilokuja nalo mumewe, lililokuwa juani muda wote ule bila chembe ya barafu, akaweka kiganja kwenye usukani. Akakiacha pale. Aliporudi, macho yake yalikuwa yamebadilika.

"Ngao zitatengenezwa," akawaambia. "Zitatiwa pindo, na nitaziuza mimi. Nendeni, mje kesho."

Walipoondoka akazifunua zile kanzu. "Mume wangu, umeuza kitu cha kweli ukakisemea uongo. Nimeona wezi wengi. Anayejiibia mwenyewe ni wewe wa kwanza."

Ndivyo mke alivyorudi nyumbani kwake, akarudi na mkasi wa baba yake. Kipupwe akawa wa kukata na kugundisha, mke akawa wa kushona pindo na kupokea malipo, mchana kweupe, mkono kwa mkono. Wanunuzi walipata Ngao, muuzaji alipata maji, na Bibi hesabu yake iko kwa asiyesahau.

Hatimaye wakanunua kigari chao. Kipupwe akakitengenezea Ngao za vioo vyote, akaziweka, akasimama kando kujisifu. Mke akaenda akaiondoa ile ya kioo cha dereva, akamrudishia.

"Jua litaingia, mke wangu!"

"Liingie," akasema. "Heri niungue nikikuona."

Ewe Mola, uwahurumie walioungua makalio wakiwa na subira, uwape kivuli cha halali waliobaki katika viwanja visivyo na miti, uwaongoze wenye ndimi laini kwenye bidhaa wanayoiamini, na Bibi yule, popote alipo, umrudishie tasbihi yake na hamu ya kuitumia. Amin.